Ninavyokagua kisu cha kukunja kabla sijataja bei

Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko Moshi, si mbali na Soko la Memorial, na kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka kwenye saa za mkono. Simu zilipoingia kila mfukoni saa zikapungua, na polepole visu vikachukua nafasi yake. Sikuvitafuta. Wagumu, yaani vijana wanaobeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, wakishuka lango la Mweka siku ya mwisho hupewa bakshishi, na juu yake mgeni humwachia mmoja viatu, mwingine koti, mwingine kisu cha mfukoni. Bei ya kiatu cha mlimani kila mmoja anaijua. Kisu ndicho kinachowachanganya. Basi anakuja mtu mezani, "Shikamoo fundi, hebu niangalizie hiki, nisije nikaibiwa."

Naangalia bure. Ila sipo kila mahali, na wengine wanauza kisu njiani kabla hawajafika kwangu, kwa bei ya chapati mbili na supu. Ndiyo maana nayaandika haya.

La kwanza: usianze na makali. Kila anayeshika kisu hukimbilia kulifungua bapa na kulipitishia kidole gumba. Makali hayakwambii kitu. Kisu kibovu kikinolewa asubuhi kinakata karatasi mpaka mchana, na kisu cha maana kilicholala butu miaka kumi hakikati hata ndizi mbivu. Makali ni nusu saa kwenye kinoo, basi. Kinachotengeneza kisu au kukiua ni bawaba, pale bapa linapozungukia ribiti yake, pamoja na springi iliyolala mgongoni mwa mpini. Mtu wa saa analielewa hili haraka: uso wa saa unaweza kuwa na dhahabu, lakini mimi nasikiliza mashine.

Kwa hiyo kishike kikiwa kimefungwa, ukielekeze dirishani. Tazama ule ufa unaopokea bapa. Bapa likae katikati, lisiegemee ukuta. Likiwa limeegemea na lina mikwaruzo mirefu ubavuni, ama ribiti imelegea, ama kuna mtu alilitumia kama bisibisi likapinda. Hapa kuna jambo moja la kukutahadharisha: visu vya zamani vyenye mabapa mawili au matatu juu ya springi chache huwa vimepindwa kidogo makusudi kiwandani, ili mabapa yapishane ndani ya mpini. Hilo si kasoro, na kijana mmoja wa Marangu aliwahi kunyoosha bapa la namna hiyo kwa koleo akidhani anasaidia. Kisu hakikufunga tena.

Bado kimefungwa, chukua kipande cha mtandio mwembamba na ukivute polepole juu ya ufa, hasa pale ncha inapolala. Kikinasa uzi, ncha haijazama, na siku moja itanasa paja lako. Usipime kwa kidole. Nina alama ya kunikumbusha.

Halafu kiinue juu ya mwanga na utazame mgongo: kuna mstari kati ya springi na mabamba ya ndani. Kwenye kisu kilichotengenezwa na mtu aliyejali, mwanga haupenyi pale. Pitisha ukucha juu ya springi; usikwame kwenye ngazi. Fanya hivyo tena kisu kikiwa wazi. Springi inayolala sawasawa na mpini kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi pia ni kazi ya fundi aliyepiga tupa kwa subira, maana ni rahisi kupata moja na kukosa nyingine.

Sasa kifungue, taratibu, na usikilize. Kisu kisicho na loki kinashikiliwa na springi peke yake, na springi nzuri inasema tak bapa linapofika mwisho, na tak nyingine linapofunga. Vingine husimama pia katikati, kwenye nyuzi 90, navyo sauti yao ni tatu. Mlio mzito usio na mwangwi ni wa kisu kilichojaa uchafu. Bapa linaloning'inia, ukikitikisa kisu linatoka lenyewe, springi imechoka. Bapa linalokatalia mpaka ukucha unavunjika nalo silipendi, hata kama wengine wanasema ndio uimara.

Lakini usiihukumu springi kabla hujaosha kisu. Mchanga wa Kilimanjaro ni wa volkano, mweusi na mkali, unaingia kwenye bawaba kama unga, na juu yake kuna nyuzi za mfukoni na maji ya machungwa. Kisu chenye mpini wa plastiki au chuma kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, kifungue na kukifunga humo humo mara kumi au zaidi, kikaushe vizuri, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Nimeviona visu vilivyokuwa vinasagana kama mashine ya kusaga mahindi vikifufuka kwa dakika tano. Cha mbao, mfupa au pembe usikiloweke. Pitisha mswaki wenye unyevu tu.

Baada ya kuosha, funika bapa kwa kitambaa kinene, shika mpini kwa mkono wa pili, sukuma kushoto na kulia. Kikicheza kidogo tu, si msiba: nakilaza juu ya fuawe yangu ndogo na kuigonga ribiti kwa nyundo ya saa, kidogo kidogo, mpaka mchezo unakwisha. Kisha sukuma juu na chini. Hapo kikicheza, ni shina la bapa, ile sehemu yake inayoingia mpinini, au springi iliyolika, na siwezi kuitengeneza bila kukifumua kisu chote. Mimi kisu cha namna hiyo nakipa nusu ya bei, na kama ni cha kawaida nakirudisha kwa mwenyewe.

Chenye loki kina mtihani wake. Kifungue mpaka loki ikamate, kisha kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza ya mbao, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa. Kandamiza, usipige. Loki ikiachia, hicho kisu hata ukipewa bure usikitumie. Zile loki za ulimi wa bamba unaochomoza ndani ya mpini na kushika shina la bapa, tazama ulimi umesimama wapi. Ukiwa mwanzo wa shina, bado una maisha. Ukiwa umevuka mpaka kugusa bamba la upande wa pili, umechoka.

Bapa lenyewe naliangalia baada ya hayo yote. Swali langu ni moja: limeliwa kiasi gani? Kisu cha mtu aliyenoa kila Jumapili kwa miaka thelathini bapa lake huwa jembamba kama jani la mchaichai. Tazama mfuo wa kucha, ule mchirizi wa kufungulia: chini yake kunatakiwa kuwe na chuma cha kutosha hadi kwenye makali. Tazama karibu na mpini: ukiona makali yameingia ndani kama mwezi mwandamo wakati shina limebaki pana, chuma kimekwenda. Kwa kazi ya jikoni bado kinafaa. Kwa mkusanyaji wa visu vya zamani, hapo bei imeanguka na haiinuki.

Wengi huniletea sumaku kupima kama ni "stenlesi ya kweli". Sumaku haikusaidii hapa. Stenlesi ya sufuria nyingi haishikwi na sumaku, ila stenlesi inayokubali kuwa ngumu kiasi cha kushika makali inashikwa, sawa na chuma cha kawaida. Ukitaka kujua kama bapa ni la chuma kinachopata kutu, kata ndimu na uliache na maji yake robo saa. Likigeuka kijivu, ni chuma cha kaboni. Hilo si baya. Kinanoleka kirahisi, kinashika makali makali kweli, ila kinadai kukaushwa.

Sasa lenzi. Naibana jichoni na kutafuta maandishi kwenye shina la bapa, pale linapoingia mpinini.

Vinavyokuja sana ni vyekundu vya Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, akaanza kuwapelekea askari wa Uswisi visu mwaka 1891, na kile cha maofisa chenye kizibuo alikisajili mwaka 1897. Victorinox halisi ya siku hizi, kampuni ya Elsener, ina jina lake na maneno "Swiss Made" yamechorwa kwa unadhifu kwenye shina la bapa kubwa. Kwenye vile vyekundu vya kawaida vya milimita 91, pande za plastiki zimebanwa kwa ndani. Ukiona kichwa cha ribiti au skrubu kwenye plastiki, simama uulize. Fungua kila kifaa, hata kile kidogo cha kufungulia kopo, maana bandia hutumia nguvu zote kwenye bapa kubwa na kusahau mkasi. Chomoa kibano na kijiti cha meno mwishoni mwa mpini. Vikikosekana bei inapungua kidogo tu, vinanunulika. Na usikitupe chenye jina Wenger ukidhani ni cha kughushi: ilikuwa kampuni ya Uswisi pia, mshindani wa miaka mingi, mpaka Victorinox ilipoinunua mwaka 2005. Msalaba wake umekaa ndani ya mraba wenye pembe zilizoviringwa.

Ukipata kile cha kijivu cha aluminiamu chenye vinundu vidogo vya kushikia, mwenye kukuachia huenda alikuwa askari. Visu vya jeshi la Uswisi vya umbo hilo vilianza mwaka 1961 na vilipigwa mhuri wa tarakimu mbili za mwaka kwenye shina. Ukisoma 78, ni 1978. Hicho usikiuze kwa bei ya kile chekundu.

Wafaransa huacha Opinel, yenye mpini wa mbao na pete ya chuma shingoni. Mhuri wake ni mkono wenye taji juu. Pete inayozunguka na kufunga bapa ilibuniwa mwaka 1955, kwa hiyo namba 8 isiyo na pete kabisa inaweza kuwa ya kabla ya hapo, ingawa zile ndogo, namba 2 hadi 5, hazina pete hata leo. Soma bapa: "Carbone" ni chuma cha kaboni, "Inox" ni stenlesi. Mpini ni mbao tupu, ikinyeshewa kule Machame inavimba na kulibana bapa ndani. Mtu akiniletea Opinel "iliyokufa", mara nyingi haijafa. Zungusha pete iachie, gonga kitako cha mpini mezani, bapa linachungulia. Baada ya hapo kiache kikauke kivulini. Si kisu cha bei kubwa, hata kipya. Mimi nakipenda kuliko vingi vya bei kubwa.

Vya Marekani ndivyo vilivyonifundisha adabu. Miaka kadhaa iliyopita kijana wa Machame alileta kisu cha mabapa matatu, mpini wa mfupa wa kahawia uliochimbwa vijishimo, bapa lina rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Nikasema kimechoka sura, ngoja nikipendezeshe kwanza ndipo tukiuze. Nikakiweka kwenye mota ya kung'arishia. Kikatoka kama kioo, na yule kijana akafurahi. Wiki ya pili mgeni mmoja wa makamo alikishika, akaangalia mng'aro, akaomba lenzi yangu. Alikaa nayo muda mrefu. Akaniambia kampuni ya Case kuanzia mwaka 1970 iliweka vitone kumi chini ya jina lake kwenye shina la bapa, na kila mwaka ikaondoa kimoja, ili kisu kijulikane umri. Vitone vya kile havikuhesabika. Vilikuwa sita? Saba? Mota yangu ilikuwa imevilamba. Hata ile namba ya upande wa pili, ambayo tarakimu yake ya kwanza inataja aina ya mpini na ya pili idadi ya mabapa, ilibaki kama kivuli. Alikinunua kwa bei ya kisu cha kumenyea matunda. Yule kijana nilimwongezea kutoka mfukoni mwangu, na ile mota sijaigusisha kisu cha zamani tena.

Basi lishike hili kuliko mengine yote niliyosema: ukikusudia kuuza, usikwangue, usipige msasa, usinoe kwenye jiwe la mashine. Ile rangi ya kijivu kwenye chuma cha zamani ni ngozi yake, inakilinda na inamwambia mnunuzi kwamba hakuna aliyekichezea. Adui ni kutu jekundu linalonyanyuka. Hilo nalo lilainishe kwa mafuta usiku mzima, kisha ulisugue kwa ukingo wa kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko bapa na hakilichani.

Neno la kutafuta kwenye vya Ujerumani ni "Solingen". Mji huo umetengeneza visu kwa karne nyingi na jina lake linalindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938. Maneno kama "Super Stainless" au picha ya tai mkubwa ubavuni hayana uzito huo. Kisu kinachojinadi kwa herufi kubwa bapani na hakisemi kimetoka nchi gani, mimi nakiweka upande wa kulia wa meza, pamoja na betri zilizokwisha.

Kuna kimoja cha Solingen ambacho wazee wetu wanakijua bila lenzi: Okapi. Kilianza kutengenezwa kule mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamempa jina lake mwaka mmoja tu kabla. Baadaye utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Mpini wa mbao wenye mwezi na nyota za chuma, pete mgongoni ya kuvuta, na kikifunguka kinaita krrr kwa meno yake. Ukikipima kwa vipimo vya Uswisi utakidharau, kinacheza kidogo hata kikiwa kipya. Kipime kwa kazi yake, ambayo ni kukata kamba, kumenya miwa na kuchuna mbuzi. Meno yakikamata na mbao haijapasuka, kinastahili bei yake.

Mpini nao utazame pale ribiti zinapopita, hapo ndipo nyufa huanzia. Mfupa ukiuchunguza kwa lenzi una vidoa na vistari vyeusi, kama vitundu vya sindano. Ukiona badala yake mistari myembamba inayokatizana kama wavu, hiyo ni pembe ya ndovu. Kirudishe kwa aliyekuletea, usinunue wala usiuze, hata akisema kilikuwa cha babu yake. Biashara ya pembe za ndovu imekatazwa na kesi yake si ya mchezo. Jihadhari pia na mipini ya zamani ya seluloidi, ile inayong'aa kama lulu au gamba la kasa. Ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma. Ukikuta kisu kimeota kutu upande mmoja tu, ule unaolala karibu na mpini, hiyo ndiyo sababu. Kitenge peke yake, vinginevyo kitaviambukiza vyote vilivyomo kwenye kopo.

Bei sasa. Mimi namfikiria mnunuzi kabla ya kisu. Mtu wa bustani anayetaka kukata kamba analipia bawaba na makali, jina halimhusu. Mpanda mlima aliyesahau chake nyumbani analipia kisu kinachojulikana, kikiwa safi, na hawezi kutoa zaidi ya bei ya dukani kwao. Mimi huanzia nusu ya bei hiyo kisu kikiwa kizima, na kila kasoro niliyoitaja inashusha. Umkumbushe tu akiweke kwenye begi la mizigo atakapofika uwanja wa ndege wa KIA, wasije wakamnyang'anya mlangoni. Mkusanyaji ndiye anayelipia mwaka, mhuri na bapa lisiloliwa, na huyo ni adimu. Usimsubiri yeye ukiwa na njaa, lakini usimuuzie mtu wa bustani kitu chake.

Na swali ninalouliza kila mara, hata kabla ya kuvaa lenzi: ulipewa au ulikiokota? Kisu kilichosahaulika hemani si zawadi. Hicho kipeleke kwa kiongozi wa safari.

Kama umeamua kubaki nacho, tone moja la mafuta ya cherehani kila mwezi linatosha. Usitie ya kupikia, yanaganda na kunata kama ulimbo. Kijana mmoja wa Kibosho nilimpa bei ya Opinel yake akaikataa, akasema ataikatia parachichi za mama yake. Huja msimu ukiisha, hanunui kitu. Anatoa kisu, ananyoosha mkono kuelekea kikopo changu cha mafuta, anafungua na kufunga mara tatu nne akisikiliza, kisha anaondoka.